Mlango wa Kuchorwa

Kibandani kwangu, Mwanga, nyuma ya wauza mawese,
dakika kumi ni mia tatu.
Runinga mbili, pedi nne, moja imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na bango niliandika kwa mkono wangu:
USITUKANE. USIPIGE MEZA.
Kuhusu kuua sikuandika kitu.

Shemeji alipoleta mashine mpya
walikuja hadi wa Mwandiga, kwa miguu, kuitazama damu.
“Mama Tuju, ona! Imeruka mpaka kwenye kioo!
Ona anavyojishika tumbo!
Hii sasa ni kweli tupu.”
Huyo ni Ntahondi, wa darasa la saba,
anamenya muwa kwa meno, anaua kwa kidole gumba.

Asukulu alikuwa konani, kaupa ukuta uso,
anachomelea waya wa chaja.
Nampangisha meza ile kwa elfu kumi ya mwezi.
Risasi pekee anayoishika ni hiyo inayoyeyuka,
tone moja, kimya, moshi mwembamba.

“Fundi, wewe si wa ng'ambo? Si wa Fizi?
Si ndivyo ilivyo?”

Akageuka. Miaka mitatu sijamwona akigeuka.
Akaitazama vita
kama mtu anayekagua shati kwa mshonaji:
kola, vifungo, mfuko.
“Damu wameipatia,” akasema.
“Moshi wameupatia.
Mbuzi wako wapi?
Siku ile mbuzi wetu aliendelea kula maganda ya mihogo,
hapo hapo, katikati yao.
Na hawa wanaoanguka, wanakwenda wapi?”

Mimi nilikuwa sijaliona.
Ukihesabu mpaka tano maiti inafifia,
barabara inabaki safi kama sahani ya mgeni.

“Wa kwetu hawakwenda popote.
Jumanne tulikuwa nao. Jumatano tulikuwa nao.
Mama alimziba mdogo wangu mdomo kwa kitenge
na tukalala chini ya kitanda, tukisikiliza inzi.
Hamna humu mahali pa kulala chini ya kitanda?”

Ntahondi akaacha kutafuna.
Asukulu akaweka mia tatu mezani, akaomba pedi.

Hakupiga hata moja.
Alimtembeza askari wake polepole, bunduki ikitazama udongo,
akapita gari linaloungua, akapita duka la mikate,
wavulana wanapiga kelele: Piga! Kushoto! Utakufa, mzee!
Akafika kwenye nyumba ya bati, mlango wa buluu.
Akasukuma. Akarudi nyuma, akasukuma tena.
Askari alikuwa anatembea palepale, paji la uso kwenye mbao,
kama kuku aliyefungiwa nje.
“Huo haufunguki,” Ntahondi akamwambia, kwa upole
ambao sikujua anao. “Umechorwa tu.”

Akafa mara kumi na moja mbele ya mlango ule.
Kila alipofufuka, alirudi palepale.
Muda ukaisha. Akarudisha pedi, akaupa tena ukuta uso.

Usiku, mteja wa mwisho alipoondoka,
nikaingia kwenye mipangilio.
Kuna mahali pameandikwa Damu: ndiyo, hapana.
Nikaweka hapana.
Alhamisi watu wakaanguka kama magunia ya mahindi,
makavu, na wavulana wakadai chenji zao.
Wanne wakahamia kwa Bitama, kule stendi.
Jumamosi nikairudisha.
Ada ya Tuju hailipwi kwa huruma, na sitadanganya kwamba inalipwa.
Ila sauti naipunguza Asukulu akiwa kazini,
nasema spika ni mbovu.
Yeye ni fundi. Anajua spika ni nzima.
Hajawahi kuomba aitengeneze.

Jumatatu nilifungua kibanda,
ule mlango wangu wa bati unaolia miaka yote
ukafunguka kimya, kwa kidole kimoja.
Bawaba zilikuwa zimepakwa mawese,
jekundu, likichuruzika hadi kizingitini.
Sikumtuma mtu.
Nikachukua tambara, kisha nikaliacha.